Kabla ya Harambee: Namna Kamati ya Parokia Inavyoweza Kumsaidia Kijana Anayeomba Chuo cha Filamu



Kamati za parokia zimezoea kupokea maombi ya ada za ualimu, uuguzi na ufundi, na namna ya kuyapima maombi hayo tunaijua. Lakini siku hizi, video za arusi, misiba na kwaya zimekuwa ajira ya vijana wengi, na pamoja nayo hujitokeza ombi la aina nyingine. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza anataka kusoma shahada ya uzamili ya filamu, mara nyingi nje ya nchi. Anaiomba parokia mambo mawili: barua na fedha.

Wapo wanakamati wanaolikataa ombi hilo mara moja, kwa kuona kwamba filamu ni starehe tu. Wapo pia wanaosikia jina la chuo cha Marekani na kutangaza harambee Jumapili inayofuata. Kwa maoni yetu njia zote mbili zina hasara. Katika makala hii tunaeleza vyuo hivyo ni vya namna gani, maombi yake yanaandaliwaje, na gharama zake zikoje. Jambo tunalopenda likumbukwe ni moja: msaada mdogo unaotolewa mapema, wakati kijana anaandaa maombi, unafaa kuliko harambee kubwa inayofanywa baada ya barua ya kukubaliwa kufika.

SHAHADA HII NI YA NAMNA GANI?

Katika vyuo vya Marekani shahada hii hujulikana kwa herufi MFA, nayo huchukua miaka 2 hadi 3. Vyuo vinavyotajwa sana ni University of Southern California, UCLA na AFI Conservatory vilivyoko Los Angeles, pamoja na New York University na Columbia University vya New York. Uingereza ipo National Film and Television School, iliyofunguliwa mwaka 1971, na London Film School, iliyoanza mwaka 1956. Nchini Kanada ipo York University ya Toronto. Hapa barani kwetu, Afrika Kusini ina vyuo vinavyofundisha filamu hadi ngazi ya uzamili, kikiwamo University of the Witwatersrand cha Johannesburg.

Mwanafunzi huchagua fani: uongozaji, uandishi wa filamu, utayarishaji, upigaji picha, au uhariri. Hujifunza kwa kutengeneza filamu fupi moja baada ya nyingine, na humaliza kwa filamu ya kuhitimu au mswada kamili. Muda mwingi hauendi katika mihadhara. Unakwenda katika kuandika, kupiga picha, kuhariri, na kukaa mbele ya wenzake wakieleza ni wapi filamu yake imewachosha.

Si lazima shahada ya kwanza iwe ya filamu. Wanuri Kahiu wa Kenya alisoma kwanza masomo ya uongozi wa biashara katika University of Warwick, Uingereza, ndipo akaenda UCLA kusomea filamu. Filamu yake fupi ya Pumzi, ya mwaka 2009, inaonyesha Afrika ya siku zijazo ambamo maji yamekuwa haba kupita kiasi. Wale wanaoshughulika na miradi ya visima watakubali kwamba mada hiyo si starehe.

Mfano mwingine ni Haile Gerima wa Ethiopia. Akiwa bado mwanafunzi wa UCLA, alirudi nyumbani mwaka 1974 akapiga filamu kuhusu wakulima maskini na mwenye ardhi anayewatumikisha. Ilitoka mwaka 1976, na baadaye alifundisha kwa miaka mingi Howard University, Washington. Kwa upande wa Tanzania, Amil Shivji alisoma filamu York University. Mwaka 2021 filamu yake ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la filamu la Toronto. Watu hawa watatu walikwenda mbali kujifunza ufundi, lakini hadithi walizitoa kwao.

CHUO KINATAFUTA NINI?

Madarasa ni madogo. Chuo chenye sifa hupokea makumi machache tu ya wanafunzi kwa mwaka kutoka katika kundi kubwa la waombaji. Kwa hiyo alama za chuo hazitoshi. Wasomaji wa maombi wanataka kujua kama mwombaji ana jicho lake mwenyewe na jambo la kusema. Kwa kawaida maombi huwa na sehemu zifuatazo:

1. Maelezo binafsi. Haya ni kurasa 1 au 2 ambamo mwombaji anaeleza yeye ni nani na kwa nini anataka kutengeneza filamu. Waombaji wengi huanza kwa kusema kwamba wamependa filamu tangu utoto. Sentensi hiyo haimtofautishi mtu na mwenzake. Kijana aliyekulia kando ya stendi ya mabasi, na aliyeona jinsi wapiga debe wanavyogawana siku yao, ana jambo ambalo mwombaji wa Los Angeles hana. Aanze hapo.

2. Kazi ya mfano. Inaweza kuwa filamu fupi ya dakika chache, au picha kadhaa za mnato zinazosimulia kisa. Chuo hakihitaji kamera ya gharama. Filamu iliyopigwa kwa simu inakubalika, ilimradi sauti isikike na hadithi ieleweke. Lugha inaweza kuwa Kiswahili, lakini tafsiri ya Kiingereza iandikwe chini ya picha. Aidha, mwombaji aseme wazi ni kazi gani aliyoifanya yeye: aliandika, aliongoza, au alishika kamera.

3. Maandishi ya hadithi. Vyuo vingi huomba muhtasari wa filamu ambayo mwombaji angependa kuitengeneza, au kurasa kadhaa za mswada. Hapa ndipo wengi huiga filamu walizoziona kwenye luninga. Ushauri wetu ni kuandika kisa kidogo chenye watu wachache, kinachoweza kupigwa picha katika kata moja.

4. Barua za mapendekezo, kwa kawaida 3.

5. Nakala rasmi ya matokeo ya chuo, na mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Baadhi ya vyuo humsamehe mtihani huo mtu aliyesoma shahada yake ya kwanza kwa Kiingereza, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

6. Usaili, kwa wale waliopita mchujo wa kwanza. Siku hizi hufanyika sana kwa njia ya video. Kijana anayeishi mahali ambapo umeme hukatika na mtandao ni dhaifu atashukuru akipewa chumba kimoja cha ofisi ya parokia kwa saa 1.

Kuna tahadhari moja kuhusu muziki. Charles Burnett, Mmarekani aliyesoma UCLA, alitengeneza filamu ya Killer of Sheep kuwa kazi yake ya kuhitimu, akiwatumia majirani wa mtaa wake. Ilikamilika mwaka 1977, na mwaka 1990 iliwekwa katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kuwa urithi wa taifa. Hata hivyo haikuweza kusambazwa rasmi katika kumbi za sinema hadi mwaka 2007, kwa sababu haki za nyimbo zilizomo zilikuwa hazijalipiwa. Basi kijana wetu asiweke wimbo wa msanii maarufu katika kazi yake. Aiombe kwaya ya parokia imrekodie, na ruhusa hiyo iandikwe.

BARUA YA MAPENDEKEZO: KAZI YA KAMATI ISIYO NA GHARAMA

Hili tunalieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo parokia ina uwezo mkubwa, na ndipo mara nyingi mambo hufanywa kwa haraka.

Barua hizi hazipitii mkononi mwa mwombaji. Katika fomu ya mtandaoni mwombaji hujaza jina na barua pepe ya mtu anayempendekeza. Chuo humwandikia mtu huyo moja kwa moja, naye hupakia barua yake. Hivyo barua yenye mhuri wa parokia iliyotiwa katika bahasha haisaidii ikiwa mwandikaji hafungui barua pepe yake hadi tarehe ya mwisho imepita. Mwenyekiti au paroko anayekubali kuandika ahakikishe mambo mawili: barua pepe inayofanya kazi, na tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda ya ofisi.

Kuna desturi ya kumwambia kijana, "Andika wewe, mimi nitatia sahihi." Tunaomba desturi hii iachwe. Kwanza si kweli, na parokia haipaswi kutia sahihi kitu ambacho si kweli. Pili, msomaji mzoefu hutambua barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja.

Barua iseme nini? Tuchukue mfano wa kubuni. Barua ya kwanza inasema hivi: "Ni kijana mwadilifu, mwenye bidii na anayeshirikiana vizuri na wenzake." Maneno hayo ni mazuri, ila yanaweza kusemwa juu ya kijana yeyote wa parokia. Barua ya pili inasema hivi: "Tulimpa siku 3 atengeneze video ya mradi wa kisima. Siku ya pili pampu iliharibika. Hakuzima kamera. Alikaa na akina mama waliokuwa wakingoja maji, na video yake ikaonyesha kungoja kule. Wafadhili walipoiona walituuliza maswali ambayo ripoti zetu hazikuwahi kuyaleta." Barua hii ya pili haina sifa hata moja, lakini msomaji wa mbali anamwona kijana akiwa kazini. Hiyo ndiyo inayosaidia.

Ikiwa hakuna mwanakamati aliyemwona kijana akifanya kazi, ni heshima zaidi kusema hivyo na kumwelekeza kwa mwalimu wake wa chuo au kwa mtu aliyefanya naye kazi. Hali kadhalika, ikiwa mwandikaji hawezi Kiingereza vizuri, aandike Kiswahili chake, kisha mtu mwingine asiyekuwa mwombaji aitafsiri, na jambo hilo litajwe mwishoni mwa barua.

HESABU YA FEDHA

Tuanze na gharama ndogo. Ada ya maombi kwa chuo cha Marekani ni karibu dola 100, na mara nyingine zaidi, yaani shilingi za Tanzania laki mbili na nusu hivi. Mtihani wa Kiingereza ni dola 200 hivi au zaidi. Mtu anayeomba vyuo 4 atahitaji takriban dola 600, kabla ya gharama za kutuma matokeo. Kwa kijana asiye na ajira ya kudumu huo ni ukuta, na wapo wanaokwama hapo bila kazi yao kuonwa na mtu yeyote. Baadhi ya vyuo husamehe ada ya maombi kwa anayethibitisha kutokuwa na uwezo, lakini lazima aombe mapema.

Sasa gharama kubwa. Katika vyuo vikubwa vya binafsi vya Marekani ada ya masomo peke yake hupita dola 50,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 hiyo ni zaidi ya dola 150,000, yaani zaidi ya shilingi za Tanzania milioni 350. Hapo bado hatujahesabu chumba, chakula, bima ya afya, wala gharama za kutengeneza filamu, ambazo kwa sehemu kubwa mwanafunzi hujilipia mwenyewe.

Mwanafunzi wa kigeni hapati mikopo ya serikali ya Marekani. Mabenki ya binafsi kwa kawaida humtaka awe na mdhamini anayeishi huko. Akiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, wakati wa muhula anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kipato hicho hakilipi ada ya namna hiyo.

Kwa mantiki hiyo, harambee inayokusanya sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza inaweza kumdhuru yule inayetaka kumsaidia. Familia huuza shamba, ndugu hukopa, parokia hutoa ilicho nacho, kijana huondoka kwa nyimbo. Mwaka wa pili fedha hakuna. Anaacha masomo bila shahada, shamba limekwenda, na anaona aibu kurudi kwa watu waliomchangia. Tunaomba kamati isishiriki katika mpango wa aina hiyo hata kama barua ya kukubaliwa ni ya kweli na chuo ni maarufu. Barua ya kukubaliwa inampa nafasi ya kusoma. Fedha za kusomea ni suala jingine, na mara nyingi huelezwa katika barua nyingine.

Je, njia zipo? Zipo, ingawa ni nyembamba. Vyuo vyenyewe hutoa msamaha wa sehemu ya ada kwa baadhi ya waliokubaliwa. Serikali ya Uingereza ina ufadhili wa Chevening, ambao hulipia shahada ya uzamili ya mwaka 1 kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa miaka 2, kwa sharti la kurudi nchini kwake kwa angalau miaka 2. Kwa kuwa ni wa mwaka 1 tu, haukidhi kozi za filamu za miaka 2, hivyo mwombaji achague kozi inayolingana nao. Umoja wa Ulaya unafadhili shahada za pamoja za Erasmus Mundus, zikiwamo za filamu. Wanaopata ufadhili huo hawalipi ada, na tangu mwaka 2021 hupewa euro 1,400 kwa mwezi za kujikimu. Nchini Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, kikiwamo chuo cha filamu cha Babelsberg kilichoko Potsdam, ila mafundisho yake kwa sehemu kubwa ni kwa Kijerumani.

VIZA IULIZWE MAPEMA

Kanuni za viza hubadilika. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vya viza, zikiwamo za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, na Burundi na Tanzania zilitajwa katika orodha hizo. Kwa sababu hiyo mwombaji aulize ubalozi kuhusu hali ilivyo kwa raia wa nchi yake kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi. Ofisi za ushauri za EducationUSA hutoa maelezo bila malipo. Mtu yeyote anayedai fedha ili "kuhakikisha" viza au nafasi ya chuo aepukwe.

Hata pale njia inapokuwa wazi, mwombaji wa viza ya F-1 hutakiwa kuonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Tunaonya kamati zisimwazime kijana fedha za parokia zikae katika akaunti yake kwa wiki chache ili zionekane. Huo ni udanganyifu, na ukigunduliwa atanyimwa viza, na jina la parokia litaingia katika jambo hilo.

KALENDA YA MWAKA

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mwaka unaofuata mwezi Novemba na Desemba. Usaili hufanyika kati ya Januari na Machi, majibu hutoka Machi na Aprili, na masomo huanza Agosti au Septemba. Vyuo vingi havikubali mtu aahirishe nafasi yake.

Ukihesabu kurudi nyuma, kijana anayetaka kuomba mwezi Novemba aanze kuandika na kupiga picha mwezi Machi. Mwezi Juni aonyeshe kazi ya mfano kwa watu wasio ndugu zake, kwa mfano vijana wa jumuiya nyingine, kisha aihariri upya. Mwezi Agosti afanye mtihani wa Kiingereza. Mwezi Septemba awaombe watu wake barua. Anayefika ofisini wiki ya mwisho ya Novemba akiomba barua na nauli ya kwenda kuchukua matokeo amekwisha kuchelewa, na ni huruma zaidi kumwambia ajipange kwa mwaka unaofuata.

MASWALI YA KAMATI

Tunapendekeza kamati imwite mwombaji na kumuuliza haya:

1. Tuonyeshe kitu ulichokimaliza. Hata dakika 3 zinatosha. Asiyekuwa na kazi yoyote iliyokamilika asaidiwe kwanza kutengeneza moja.
2. Unaomba fani gani, na kwa nini hiyo?
3. Gharama ya miaka yote ni kiasi gani, na mwaka wa pili utalipwa na nani?
4. Umeomba ufadhili gani, na tarehe zake ni lini?
5. Usipokubaliwa mwaka huu, utafanya kazi gani hadi mwaka ujao?

Swali la mwisho lisiulizwe kwa kukatisha tamaa. Kukataliwa ni jambo la kawaida kwa vyuo hivi, na wapo wanaokubaliwa katika jaribio la pili au la tatu. Katika kipindi hicho kuna mafunzo ya karibu. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004 huko Kampala, imewafundisha vijana wa Afrika Mashariki. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ni mahali pa kuona kazi za wengine na kukutana na watu wa fani. Idara za sanaa za University of Dar es Salaam na Kenyatta University nazo zipo.

OMBI LETU KWA KAMATI NA WAFADHILI

Kwa kamati, tunashauri kila parokia itenge fungu dogo la kulipia ada za maombi na mtihani kwa mwombaji 1 kwa mwaka, baada ya kuona kazi yake. Vilevile mpeni kazi halisi. Zahanati, shamba la mfano na kikundi cha kuweka na kukopa vyote vinahitaji kumbukumbu za picha, na kijana anahitaji hadithi za kweli za kujifunzia. Atakapoomba chuo atakuwa na kitu cha kuonyesha, nanyi mtakuwa na jambo la kuandika katika barua. Asipokubaliwa, parokia itabaki na video zake, naye atabaki na ujuzi.

Kwa wafadhili wetu, tunajua kwamba dola 600 za fomu na mitihani hazina mvuto wa jengo lenye bamba la jina. Hata hivyo kwa kiasi hicho kazi ya kijana wa kijijini inafika mezani mwa walimu wa vyuo 4 na kupimwa pamoja na kazi za wengine. Akipata nafasi yenye ufadhili kamili, atakwenda bila deni na bila shamba la wazazi kuuzwa. Akipata nafasi isiyo na fedha, tumsaidie kuikataa kwa moyo mtulivu, na kuomba tena.